Mtu wa sukari akilazwa, nani anajua dawa zake?

Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mazungumzo ya afya hapa Mombasa yamekuwa ni nani amesajiliwa, nani analipiwa na nani amerudishwa. Ni mazungumzo ya haki. Lakini kuna swali jingine: mgonjwa akishapokelewa, hupatwa na nini akiwa kitandani?

Kuanzia Kibokoni hadi Kuze, wengi wameshazoea kuishi na sukari au presha. Nyumbani wana utaratibu wao: kidonge cha asubuhi, sindano, siku ya kliniki. Hatari huzidi wanapolazwa kwa jambo jingine kabisa, kama nyonga iliyovunjika au homa ya mapafu. Utaratibu ule hukatika, na wodi haina habari nao.

Chukua insulini. Ile ya kawaida hudungwa takriban nusu saa kabla ya kula. Sindano ikipigwa kwa wakati na chakula kikachelewa, sukari huweza kushuka chini ya 70. Mgonjwa akatoka jasho, akatetemeka, hata akazirai. Upande wa pili, jamaa huja na chai tamu na mahamri kwa mapenzi, sukari ikapanda na muuguzi asijue sababu. Sukari ikikaa juu, kidonda huchelewa kupona na mwili hushindwa kupambana na vijidudu vinavyoingia kupitia mpira wa mkojo au sindano ya maji. Dawa za maumivu kama diclofenac nazo zaweza kuumiza figo, hasa kwa mzee anayemeza dawa za presha. Na asiyegeuzwa kitandani hutoka vidonda vya mgongo.

Hili si la Mombasa pekee. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 hupata angalau ambukizo moja humo humo hospitalini. Katika nchi tajiri ni 7. Tofauti hiyo hailetwi na mashine za bei ghali peke yake. Kunawa mikono, maji ya uhakika na wauguzi wa kutosha huokoa wengi.

Hospitali ya Rufaa ya Pwani hupokea wagonjwa wa kaunti zote sita za Pwani, na afya ni jukumu lililogatuliwa na Katiba ya 2010. Kwa hivyo kaunti iulizwe mambo matatu: Je, kila anayelazwa huandikiwa orodha ya dawa anazotumia nyumbani? Je, wodi zina vipimo vya sukari vya kutosha, na chakula hufika kwa saa inayojulikana? Na zamu ya usiku ina wauguzi wangapi kwa wagonjwa wangapi?

Nasi majumbani tuna sehemu yetu. Weka kadi ya kliniki na dawa zote katika mfuko mmoja, upelekwe pamoja na mgonjwa. Mwambie muuguzi kila chakula ulicholeta. Ukiona mgonjwa anatoka jasho au maneno yake yanapotea, usisubiri daktari apite: omba apimwe sukari hapo hapo.

SHA inaweza kulipia kitanda. Usalama wa aliyelala juu yake ni deni la wanaosimamia wodi, na ni haki yetu kulidai.