Lenzi Kuukuu kwenye Kamera Mpya

Wapo waonao kwamba lenzi ya kamera ya filamu, ile ya kuzungushwa kwa mkono, haina tena kazi shuleni. Sikubaliani nao. Chukua Helios-44-2 iliyotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti: urefu wake wa fokasi ni milimita 58, na pete yake ya tundu la mwanga imechorwa namba 2 hadi 16. Mwalimu wa fizikia wa Kinyangiri, wilayani Mkalama, akiipata atakuwa na somo zima la mwanga mkononi, maana kamera za siku hizi huyaficha hayo yote. Lakini asiifunge kwenye kamera ya kidijitali kabla ya kupiga hesabu.

Kila aina ya kamera ina umbali wake maalumu baina ya kiungio cha lenzi na mahali taswira iangukiapo. Kwa skrubu ya M42, iliyo nyuma ya Helios hiyo, ni milimita 45.46, kwa Nikon F ni 46.5, kwa Sony E, isiyo na kioo cha kuruka ndani, ni 18 tu. Basi kwenye Sony hutosha mrija mtupu wa karibu milimita 27.5. Kwenye Nikon lenzi hukaa mbele kupita kiasi kwa milimita 1.04, hata adapta isipokuwa na unene wowote. Mwanafunzi akitumia kanuni ya lenzi ataona kuwa kitu kilicho mbali zaidi ya mita 3.3 hivi hakitaonekana sawasawa. Ubao wa darasa, pengine. Miamba ya Singida, la.

Hilo huharibu picha tu. Kulazimisha huvunja kamera. Lenzi nyingi za Nikon za kabla ya 1977 zina ukingo wa nyuma unaoweza kuvunja kijiti kidogo kilicho kwenye kiungio cha kamera nyingi za baadaye. Na kioo kirukacho chaweza kugonga lenzi iliyozama ndani mno. Ikikataa kuzunguka, iondolewe.

Ninalolihofia zaidi ni jua, ambalo huko Kinyangiri hupita utosini mapema Machi na mapema Oktoba. Tundu likiwa kwenye namba 2, upana wake ni milimita 29, ilhali taswira ya jua haifiki hata milimita 0.6. Mwanga umekusanywa karibu mara 2,900! Kamera isiyo na kioo huacha kihisi chake wazi mbele ya moto huo, na lenzi ya mkono haijifungi yenyewe. Kwenye kamera yenye kioo, kinachoungua ni jicho la mtazamaji, nalo halina kipuri. Wala lenzi isiachwe dirishani bila kifuniko, karibu na karatasi au nyasi kavu.

Baadhi ya lenzi za zamani, kama Super-Takumar ya milimita 50 yenye tundu la 1.4, zina thoriamu katika kioo chake, yaani hutoa mionzi kidogo. Kupigia picha hakuna hofu. Ila zisifunguliwe, zisisagwe, wala zisigeuzwe kuwa lenzi ya jicho ya darubini ya shule.

Ningependa shule inunue rula nzuri kabla ya adapta, na hesabu hiyo ya milimita 1.04 waifanye wanafunzi wenyewe.