Kumripoti Polisi Mwenzako si Usaliti

Nchini Kenya imekuwa desturi kwamba kila afisa wa polisi anapotuhumiwa kuua au kujeruhi, huzuka watu wa kudai kuwa mambo ya kikosi humalizwa ndani ya kikosi, na kwamba afisa anayeyaweka maovu ya mwenzake katika maandishi ni msaliti asiyestahili sare. Imani hiyo, ambayo hata raia waliowahi kuonja virungu huirudia kana kwamba ni hekima ya wahenga, haina pa kusimama kisheria. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamtaka mkuu wa afisa ambaye matumizi yake ya nguvu yameleta kifo au jeraha baya aripoti mara moja kwa IPOA, mamlaka huru ya kiraia iliyoundwa mwaka huohuo ili polisi wasibaki kujichunguza wenyewe. Wajibu huo haungoji mkuu aridhike kwanza kwamba mtu wake ana hatia.

Mkuu wa kituo anayeamua peke yake kwamba tukio ni dogo mno kuripotiwa amekwisha kujifanya mpelelezi, mwendesha mashtaka na hakimu, ilhali hakupewa hata kazi moja kati ya hizo. Yake ni kuandika na kupeleka. IPOA ichunguze, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aamue kama kuna kesi, na mahakama ihukumu. Anayenyamaza amekwisha kutoa hukumu, na siku zote ni ya kumwachilia mwenzake.

Kimya hicho tumewahi kukiona. Wakili Willie Kimani, mteja wake aliyekuwa amemlalamikia polisi kwa IPOA, na dereva wao wa teksi walizuiliwa Juni 2016 katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau pasipo kuandikishwa kama mahabusu, kisha wakauawa. Kitabu cha matukio cha kambi kilinyamaza, na ushahidi wa kuwepo kwao pale ukategemea, pamoja na mengine, kipande cha karatasi ya shashi chenye maandishi ya wakili. Maafisa watatu na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao walipatikana na hatia Julai 2022, miaka sita baadaye.

Na pale kinachoandikwa kinapokuwa uongo, uongo huo hupanda ngazi hadi juu. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu aliyekamatwa Homa Bay, alifia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central jijini Nairobi. Polisi walidai kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine mwilini, na Inspekta Jenerali Douglas Kanja akalazimika kuomba radhi mbele ya Seneti kwa habari alizoletewa na walio chini yake. Seneti hiyohiyo ilielezwa na IPOA kwamba mfumo wa kamera za kituo ulikuwa umechezewa.

Wapo wanaolalama kwamba polisi, kwa wingi wa majambazi, hawana muda wa kuandikaandika. Kituo hichohicho hupata muda wa kuandika kitambulisho kilichopotea, simu iliyochomolewa kwenye matatu na kuku wa jirani, na kila mlalamishi huondoka na namba ya OB, yaani namba ya taarifa katika kitabu cha matukio. Ila mtu akivunjwa mbavu ndani ya seli, wino wa kituo kizima hukauka.

Kinachofanyika badala ya kuripoti ni funika kombe mwanaharamu apite: mtuhumiwa huhamishiwa kituo cha mbali, akaanze upya kwa wananchi wasiomjua, huku wenzake waliokuwa zamu usiku wa tukio, na ambao hawakumgusa mtu, wakibaki na tuhuma ambayo maandishi ya saa ya kwanza yangewaondolea.

Sheria mpya haihitajiki. Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi, iliyopewa na Katiba mamlaka ya nidhamu juu ya maafisa, iwafungulie mashtaka ya nidhamu wakuu wa vituo waliojua na wasiripoti, na ianze na hao kabla ya kuwaandama makonstebo.