Tuwaombee pia wanaobeba machela

Injili ya Marko, sura ya 2, inatusimulia habari za watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza hadi kwenye nyumba aliyokuwamo Yesu kule Kapernaumu. Walipoona mlango umezibwa na umati, walipanda juu, wakatoboa paa na kumteremsha mgonjwa wao. Mahubiri mengi niliyosikia kuhusu kisa hiki huishia kwa yule aliyeponywa, akijitwika godoro lake na kwenda zake. Wale wanne hatuwasikii tena. Hatujui majina yao, wala kama kuna aliyewapa maji ya kunywa waliposhuka. (Na paa la watu, lilitengenezwa na nani?)

Nimewakumbuka hao wanne kwa sababu ya dada mmoja tunayeabudu naye, muuguzi katika kampuni ya ndege za kubeba wagonjwa.

Huduma hii si ngeni kwetu. Mwaka 1957, madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha shirika ambalo leo tunaliita Amref, wakiwa na wazo la kumfikia kwa ndege mgonjwa aliye mbali na hospitali. Majina ya waanzilishi tunayo, na ni haki tuwakumbuke. Lakini anayeinua machela saa tisa za usiku ni kama wale wanne wa Kapernaumu.

Wewe na mimi tukiona ndege ya wagonjwa ikipita juu tunasema, "Mungu amsaidie huyo mgonjwa." Ni sala nzuri. Sasa ingia ndani ya ndege hiyo. Ni nyembamba kiasi kwamba muuguzi hawezi kusimama wima. Kelele za injini humfanya daktari asisikie vizuri mapigo ya moyo kwa kile chombo cha masikioni, basi anategemea mashine na uso wa mgonjwa. Ndege inapopanda, hewa iliyonaswa mwilini hutanuka, kwa hiyo mtu aliyeumia kifua, hewa ikavuja na kuyabana mapafu, anaweza kuzidiwa angani ikiwa hiyo hewa haikutolewa chini. Oksijeni huhesabiwa kabla ya kuondoka, kwa dakika za safari, na akiba juu yake iwapo watalazimika kutua kwingine. Na kule wanakokwenda, mara nyingi uwanja ni kipande cha udongo kisicho na taa. Lazima mtu awafukuze mbuzi na ng'ombe kwanza. Jua likishazama, uwanja wa namna hiyo haufai tena hadi asubuhi.

Hapo ndipo lilipo jambo zito kuliko yote katika kazi hii, nalo ni neno "hapana".

Kule Marekani, mwaka 2008 helikopta za wagonjwa zilianguka na kuua wahudumu wengi kuliko ilivyowahi kutokea. Februari 2009 bodi ya nchi hiyo inayochunguza ajali za usafiri iliketi kusikiliza ushahidi kuhusu usalama wa safari hizo. Miongoni mwa wafanyakazi wa huduma hii kuna desturi kwamba wote waliomo lazima wakubali ndipo waruke. Mmoja akikataa, hawaendi. Tena kampuni nyingi hazimwambii rubani kama anayesubiri ni mtoto mchanga au mzee, mpaka awe ameamua kuhusu hali ya hewa. Mara ya kwanza nilipoelezwa nilidhani ni ukosefu wa utu. Baadaye nilielewa: huruma ikikaa kwenye usukani, mawingu meusi huonekana meupe.

Dada huyu alinisimulia jioni moja waliyokuwa tayari, injini bado baridi, machela imefungwa. Mvua kubwa ilikuwa imetanda huko waendako. Rubani akasema hapana. Yeye naye, moyoni, aliona rubani amesema kweli. Wakapanga kuondoka alfajiri. Alfajiri simu ikalia kuwaambia wasijisumbue.

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani kwetu. Siku hiyo familia moja ilitoa ushuhuda kwamba mgonjwa wao alichukuliwa kwa ndege, akapona. Tulipiga makofi, tukaimba. Yeye alitoka nje. Nilipomfuata alinijibu maneno ambayo yamenikaa hadi leo: "Tukimfikisha, mnasema ni Mungu. Asipofika, ninabaki mimi na yeye."

Huenda wapo kati yetu watakaosema kwamba wangekuwa na imani wangeruka. Nawaomba wasome Mathayo sura ya 4. Shetani alimpandisha Yesu juu ya hekalu, akamtaka ajitupe, kwa kuwa malaika wangemdaka. Alitumia hata Maandiko. Yesu alikataa. Mwana wa Mungu mwenyewe hakuona haya kusema hapana mahali pa juu, na hakuna anayemwita mwoga. Kwa nini basi tumpe rubani wetu mzigo ambao Bwana aliukataa? Ndege ikianguka, mgonjwa haokoki, na familia nyingine nne zinaanza kuchimba makaburi.

Kuna suala la uchovu pia. Sheria za usafiri wa anga humwekea rubani kikomo cha saa za kazi. Muuguzi, baada ya kumkabidhi mgonjwa, bado ana ndege ya kusafisha damu, dawa za kujaza upya na ripoti ya kuandika, na zamu ya kesho haimngojei. Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Ndugu yangu uliye mwajiri, au unayeketi kwenye bodi ya kampuni au hospitali ya namna hii, soma 1 Wafalme 19 ukiwa na ratiba ya zamu mkononi.

Nasi washarika tuna deni letu. Dada huyu alikosa ibada mara tatu mfululizo, na mmoja wa viongozi wetu akamwita Mkristo wa msimu. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Sala zetu za maombezi huwataja wagonjwa, wajane, viongozi wa nchi na wasafiri. Sijawahi kusikia zikimtaja aliyeamua kutoruka, akarudi nyumbani akashindwa kulala. Leo tunaweza kuanza. Na jumuiya yake inaweza kukutana kwake siku yake ya mapumziko, hata ikiwa ni Jumanne, wampikie chai, wasimwulize habari za damu.

Leo yuko zamu. Jumapili ijayo, akipata nafasi, atakaa benchi la mwisho karibu na mlango, simu ikiwa mkononi. Mzee wa kanisa, tafadhali usimkaripie kwa ajili ya hiyo simu.