Nyumba ya Askari Yahitaji Kopo la Shukrani

Kila kituo cha polisi kina kitabu cha matukio. Humo huandikwa wizi, ugomvi, ajali na upotevu wa mali, pamoja na saa na jina la aliyeleta habari. Jeshini nako hali ni hiyo hiyo: afisa wa zamu hukagua, akiona kasoro huiandika, na mwenye kasoro hutakiwa kujibu. Hapana ubaya katika jambo hili. Jeshi lisiloandika makosa yake huoza, na polisi wasioandika matukio hawawezi kulinda mtaa. Lakini yafaa tujiulize, ndugu askari: mtu aliyeandika makosa mchana kutwa, je, afikapo nyumbani huiweka kalamu ile chini?

Ni dhahiri kwamba wengi wetu hatuiweki. Askari huingia mlangoni, na kabla hajaketi macho yake yamekwisha kuona viatu vilivyotupwa ovyo, sufuria isiyooshwa na daftari la mtoto lenye alama mbaya. Hayo huyasema papo hapo. Mtoto aliyeamka alfajiri kuchota maji, na mke au mume aliyeuguza mgonjwa usiku kucha, hao hawaonekani, maana wema hauna king'ora. Moyo wa askari huyo si mbaya. Jicho lake limefundishwa kutafuta kasoro, nalo laendelea na kazi yake hata baada ya zamu kwisha.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba kila nyumba ya askari iwe na kitabu cha pili, yaani kitabu cha mema. Na njia iliyo rahisi kupita zote ya kukiweka ni kopo la shukrani.

Jambo lenyewe halina gharama. Litafutwe kopo tupu la maziwa ya unga, au chupa ya mdomo mpana iliyokwisha jemu. Lioshwe, likaushwe juani ili karatasi zisiingie ukungu, kisha watoto walipambe wapendavyo kwa rangi au kitambaa. Karatasi za daftari zikatwe vipande vya upana wa vidole viwili, na kalamu ifungwe kwa uzi kando ya kopo isije ikapotea. Kila mtu wa nyumba hiyo, mkubwa kwa mdogo, aandike jema alilotendewa na mwenziwe, alikunje, alitumbukize. Bibi asiyejua kusoma amwambie mjukuu amwandikie. Askari aliye mbali apeleke maneno yake kwa simu, na mtoto ayanakili. Hapo askari akumbuke kiapo chake: ashukuru watu wa nyumbani, asitaje mahali alipo wala kazi anayoifanya kikosi chake.

Sharti moja tu lishikwe kwa ukali, nalo ni lile lile la kitabu cha matukio: jina, tarehe na tendo. Karatasi isemayo "nawashukuru nyote kwa yote" haina ushahidi ndani yake. Lakini karatasi isemayo kwamba siku ya Jumanne kaka alimbeba mdogo wake mgongoni mvua iliponyesha, hiyo yamwambia kaka kwamba alionekana.

Twaandika haya tukiutazama mtaa wa Biryogo, hapa Kigali, katika Wilaya ya Nyarugenge. Mtaa huu wajulikana kuwa makao ya Waislamu na ya lugha ya Kiswahili. Lugha hii iliingia nchini pamoja na wafanyabiashara wa pwani na askari wa wakati wa Wajerumani, na Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913. Leo Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, baada ya Bunge kupitisha jambo hilo mwaka 2017. Tangu mwaka 2021 sehemu ya barabara za Biryogo imefungwa magari, ikapakwa rangi, na watu huketi nje jioni wakinywa chai. Ukipita hapo utasikia neno "ahsante" kila upande. Mtu humshukuru mwuza chai mara tatu kwa kikombe kimoja, kisha akarudi nyumbani akala chakula kilichopikwa kwa saa mbili, asiseme neno. Shukrani twaijua; ila tumeizoea kwa wageni kuliko kwa watu wetu.

Tena Biryogo ina funzo zito zaidi. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, Waislamu wengi wa Biryogo na Nyamirambo waliwaficha na kuwalisha watu waliokuwa wakiwindwa, bila kuwauliza dini. Si haki kulilinganisha jambo hilo na vipande vya karatasi. Hata hivyo kuna ukweli mmoja utokao humo ambao watufaa sote. Waliookoka hawasemi tu kwamba walisaidiwa na watu. Humtaja aliyefungua mlango, hutaja usiku ule, na hutaja kile walichopewa kula. Wema hutendwa na mtu mwenye jina, na usipoandikwa wala kusimuliwa, watoto hukua wakijua tu yale mabaya yaliyotendeka. Ndiyo sababu taifa letu limeweka heshima ya Abarinzi b'Igihango, ili majina ya watu wa namna hiyo yatafutwe na yatangazwe mbele ya wote.

Watakuwapo watakaosema kwamba kopo la shukrani ni mchezo wa watoto, au desturi ya kigeni. Hao twawakumbusha Umuganura. Zamani mavuno ya kwanza ya mtama na ulezi hayakuliwa mpaka shukrani itolewe, kuanzia kwa mfalme hadi katika kila nyumba. Wabelgiji waliipiga marufuku sherehe hiyo mwaka 1925, wakamhamishia Burundi Gashamura, aliyekuwa mkuu wa ibada yake. Walijua walifanyalo: watu wasiokutana kushukuru pamoja ni rahisi kutawanywa. Umuganura ulirudishwa kuwa sikukuu ya taifa mwaka 2011, na huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Hali kadhalika Mnyarwanda akitaka kumtukuza mtu aliyemfaa husema "yampaye inka", yaani alinipa ng'ombe. Na katika mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, familia maskini hupewa ng'ombe, nayo humpa jirani ndama jike wa kwanza. Tendo hilo huitwa kwitura, kulipa wema. Hata chombo chenyewe tunacho: agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, kimo katika nembo ya taifa iliyoanza kutumika mwaka 2001. Asiyependa kopo na atumie agaseke.

Wengine watatoa hoja ya wahenga, kwamba tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Methali hiyo ni kweli, lakini inasemwa na mtenda. Haikutungwa impe ruhusa aliyetendewa anyamaze. Huyu wa pili ameachiwa methali nyingine, isemayo kwamba shukrani ya punda ni mateke.

Hoja iliyo nzito kuliko hizo ni hii: shukrani haijazi sufuria, na neno tamu laweza kutumika kumziba mtu mdomo. Hoja hiyo twaikubali. Kopo lisigeuzwe kifuniko cha manung'uniko. Mke anayedai fedha za matumizi asijibiwe kwa kipande cha karatasi, na mtoto aliyeonewa asiambiwe aandike shukrani kwanza. Malalamiko yana mahali pake na yana haki ya kusikilizwa. Tunachosema ni kwamba nyumba iliyozoea kutaja wema kwa jina ina ulimi uliolainika, hata siku ya kutaja makosa ikifika, makosa hayo husikika kama shauri wala si kama shambulio.

Tuangalie sasa jambo linalotugusa sisi watu wa majeshi kuliko wengine. Tangu mwaka 2004, walipopelekwa Darfur, askari wa Rwanda wamekwenda Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kuanzia Julai 2021 Cabo Delgado, huko Msumbiji. Mlinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, akisha kutumika siku 90, kwa kawaida hustahili nishani. Husimama gwarideni, akavalishwa kifuani, na muziki ukapigwa. Ni haki yake. Lakini muda huo huo yuko mtu nyumbani aliyesimama lindo bila kubadilishwa zamu: aliyepeleka watoto shule, aliyelipa kodi ya nyumba, aliyemtunza mama mzee, aliyejibu swali la "baba atarudi lini?" usiku baada ya usiku. Huyo hakuna gwaride lililomwita. Askari arudipo na nishani yake akaanza kukagua viatu na sufuria, basi amekuta ngome imelindwa vema, naye amemkaripia mlinzi.

Kopo ndilo liwezalo kumvalisha mtu huyo nishani yake. Lifunguliwe siku askari arejeapo, familia yote ikiwa imeketi. Karatasi zisomwe kwa sauti, moja moja, na kila mtu apewe zilizo zake azihifadhi. Askari naye atasikia mema yaliyotendeka asipokuwapo, na habari hizo hatazipata katika taarifa yoyote nyingine. Kwa familia ambayo haina mtu safarini, siku za kulifungua zipo tele: Idd, Krismasi, au ile Ijumaa ya Umuganura.

Ndugu askari na polisi, haba na haba hujaza kibaba. Karatasi moja kwa juma kutoka kwa kila mtu wa nyumbani si mzigo. Kamanda naye asione haya kulisemea jambo hili mbele ya kikosi chake, kwa kuwa askari mwenye nyumba tulivu hushika lindo akili yake ikiwa mahali pake. Kopo lioshwe leo jioni, na karatasi ya kwanza iandikwe na yule mwenye cheo kikubwa nyumbani humo.