Picha ya ubongo na swali la usonji

Swali hili limekuwa likinirudia, na linatoka hata vijijini ambako mashine yenyewe haijawahi kuonekana: "Daktari, nasikia Ulaya wanapiga picha ya ubongo wanaona usonji. Mwanangu nimpeleke wapi?" Mzazi wa Nyabiyonza, kule Karagwe, anayeuliza hivyo huenda anazungumzia fedha ya msimu mzima wa kahawa: nauli hadi Mwanza, malazi ya mama na mtoto, kisha kipimo cha laki kadhaa. Kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Utafiti upo kweli. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya watoto wachanga waliopigwa picha za MRI wakiwa na miezi 6, 12 na 24. Watoto 106 kati yao walikuwa na kaka au dada mwenye usonji. Kwa wale waliokuja kugundulika nao, eneo la uso wa ubongo lilikuwa limetanuka haraka kupita kawaida kati ya mwezi wa 6 na wa 12, kabla dalili hazijajitokeza. Kompyuta ilipotabiri kwamba mtoto fulani atakuwa na usonji, ilipatia takriban mara 8 katika 10. Kinachosahaulika habari hii inaposimuliwa ni kwamba watoto hao walitoka katika familia ambazo uwezekano wa usonji ulikuwa mkubwa tangu mwanzo. Huwezi kuchukua hesabu ile ukambandika mtoto yeyote wa miaka minne ambaye hajaanza kuongea.

Mwaka uliofuata ulitoka uchambuzi mkubwa zaidi: watu 1,571 wenye usonji na 1,651 wasio nao, kutoka vituo 49. Tofauti za ubongo zilionekana, lakini ndogo, na za wastani tu. Chukua shule mbili ambazo wastani wa urefu wa wanafunzi wake unapishana nusu sentimita. Ukikutana na mtoto mmoja njiani, urefu wake hautakuambia anasoma shule ipi.

Kuna na tatizo la kutikisika. Kuanzia mwaka 2012 ilibainika kuwa kichwa kikisogea hata kidogo sana ndani ya mashine, picha za mawasiliano ya ubongo huonyesha tofauti ambazo hazipo. Na ni mtoto gani hutulia ndani ya bomba lenye kelele vile? Wengi walioingia kwenye tafiti hizi ni wale wanaoweza kutulia na kufuata maelekezo. Mtoto asiyeongea kabisa, anayempa mama yake usiku mgumu, mara nyingi hakuwemo.

Mtoto wa Afrika ndiye hakuwemo zaidi. Hazina ya kwanza ya ABIDE, iliyofunguliwa mwaka 2012 ikiwa na picha za watu 1,112 kutoka vituo 17, haikuwa na kituo hata kimoja cha bara letu. Nasema hivi kwa sababu huku kuna maswali yetu wenyewe. Mwaka 2006 ilichapishwa ripoti ya watoto 20 wa Tanzania. 14 walitimiza vigezo vya usonji, na watatu kati yao walikuwa wamekua vizuri hadi walipougua malaria kali yenye homa na degedege. Watoto watatu hawathibitishi kwamba malaria huleta usonji. Ila kwa mkoa kama Kagera, ningependa swali hilo lichunguzwe kwa picha na kwa ufuatiliaji wa miaka. Pengine haliko mbali: mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Mbarara, jirani zetu wa Uganda, kiliunganisha mashine ndogo ya MRI palepale chuoni ikilengwa watoto wenye kichwa maji.

Je, kuna mtoto mwenye usonji anayehitaji MRI? Yupo. Mwenye degedege zinazojirudia bila homa, aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, mwenye udhaifu wa upande mmoja, au kichwa kinachokua isivyo kawaida. Hapo daktari anatafuta ugonjwa mwingine, na mtoto mdogo mara nyingi hupewa dawa ya usingizi, jambo lenye hatari zake. Nje ya hapo, mzazi, uliza kwanza: picha hii itabadilisha nini katika matibabu?

Usonji hutambuliwa kwa kumtazama mtoto na kumsikiliza mzazi. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina, asiyenyoosha kidole kuonyesha kitu, wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, au wa umri wowote aliyeacha maneno aliyokuwa akiyasema, apelekwe bila kungoja. Usikubali kuambiwa "watoto wa kiume huchelewa". Anza kituo cha afya, omba rufaa hadi hospitali kama Nyakahanga, na usikilivu wa masikio upimwe mapema, maana kiziwi naye hageuki akiitwa.

Nenda na kadi ya kliniki. Kama una simu yenye kamera, mrekodi akicheza na wenzake na wakati wa kula, dakika mbili tatu. Andika pia alianza lini kukaa, kutembea na kusema neno la kwanza, na kama aliwahi kulazwa kwa malaria.