Uwakala wa bima: duka lisifungwe mapema

Ukiritimba wa Shirika la Bima la Taifa, uliodumu tangu 1967, ulikomeshwa na Sheria ya Bima ya mwaka 1996. Tangu hapo kampuni binafsi zinasaka mawakala, na miongoni mwa wanaojitokeza ni wenye maduka waliochoshwa na bidhaa zisizotoka. Ugeni wa kazi si kikwazo kikubwa. Kozi fupi na leseni hupatikana. Kikwazo ni hesabu.

Wakala hana mshahara, ana kamisheni. Ikiwa ni asilimia 10, bima ya gari ya Sh 100,000 humwachia Sh 10,000, nauli na simu bado. Kupata Sh 300,000 kwa mwezi kunataka magari 30. Mwanzoni ndugu, majirani na wateja wa dukani hukata bima kwa kumstahi. Kisha orodha hukauka, na wale wa kwanza hawalipi tena mpaka mwaka ugeuke. Hapo wengi huacha, na baadhi huishia kula fedha ya mteja, kosa linalomaliza jina sokoni.

Mwenye kujua thamani ya mtaji ataliacha duka wazi, kijana alishike, hadi wateja wa mwaka wa kwanza waanze kuhuisha bima zao.