Baraza ya Mama: Titi Moja Kubwa, la Pili Dogo

Akina mama wapenzi, nanyi walimu mnaokaa na wasichana shuleni, mwezi huu twataka kunena habari ambayo watu huinena kwa kunong'ona tu. Msichana akiona titi lake la kushoto linaota na la kuume limelala, huingiwa na hofu. Hujifunika kanga hata wakati wa jua kali, hukataa kuoga pamoja na wenziwe, na mwisho huanza kubaki nyumbani siku za masomo. Mama naye akigundua, mara nyingi haulizi kwa upole, bali humtazama kwa jicho la shaka, maana wako wasemao ya kuwa titi hukua upesi kwa kushikwashikwa na wanaume. Kwa neno hili wasichana wasio na kosa wamepigwa.

Neno hilo ni uongo. Matiti huota kwa nguvu ya homoni ziingiazo katika damu, na kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 8 na 13. Mara nyingi upande mmoja hutangulia, na wa pili hufuata baada ya miezi kadhaa. Mwanzo wake ni kitufe kigumu chini ya chuchu, nacho huuma kikiguswa. Angalieni sana hapa: kitufe hiki kikiwa upande mmoja tu, asiyejua hudhani ni uvimbe mbaya, akataka kiondolewe. Kikiondolewa, titi lile halitaota kamwe. Basi kisikatwe, kisichanjwe, wala kisikandwe dawa. Na hata ukuaji ukiisha, wanawake ambao matiti yao ni sawasawa kabisa ni wachache. Hata miguu ya mtu mmoja haiwi sawa, nasi hatusemi amerogwa.

Yako mambo machache yafanyayo tofauti kuwa kubwa. La kwanza lina hatia yetu sisi wazazi. Mtoto mchanga, wa kike au wa kiume, huweza kuwa na matiti yaliyovimba, hata yakatoa matone ya maziwa, kwa sababu ya homoni alizopata kwa mama yake tumboni. Bibi wengine huyakamua wakidhani wanamsaidia. Yaacheni! Yatanywea yenyewe. Kukamua huweza kuleta jipu, na jipu huharibu chanzo cha titi, na hasara yake huonekana baada ya miaka 12 hivi, wakati hakuna tena akumbukaye kisa. Vivyo hivyo mtoto aliyeungua kifuani kwa uji wa moto: kovu gumu hulibana titi lisiote. Huyo apelekwe kwa daktari mpasuaji mapema, kwa kuwa kovu laweza kulegezwa. Tena wako wachache waliozaliwa bila sehemu ya msuli wa kifua upande mmoja; Alfred Poland aliieleza hali hiyo huko London mwaka 1841.

Kwa mama anyonyeshaye, titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa. Mtoto akipendelea upande mmoja, upande ule hujaa na wa pili hupungua. Basi aanzishwe kwa lile dogo akiwa na njaa, na mama alikamue mara kwa mara. Hata asipokubali, asiachishwe. Titi moja lenye afya laweza kumtosha mtoto. Akiisha kuacha kunyonya, tofauti hupungua.

Walakini tofauti ya tangu ujana ni kitu kimoja, na badiliko jipya kwa mtu mzima ni kingine. Mwanamke ambaye titi lake moja limeanza kukua au kusinyaa bila sababu, au lina uvimbe mgumu, hata usipouma. Ngozi imekuwa kama ganda la chungwa. Chuchu imeingia ndani au yatoa damu. Au amepata tezi kwapani, asingoje mavuno ya alizeti yaishe. Na aende hospitali iliyo karibu, iwe Kiomboi, Iambi, Makiungu au Singida mjini, naye akihitaji matibabu makubwa ataelekezwa Bugando kule Mwanza au Ocean Road, Dar es Salaam. Katika Tanzania saratani ya titi ni ya pili kwa wanawake, baada ya ile ya shingo ya kizazi, na wengi hufika ikiwa imekwisha kuenea. Waume, msizuie nauli.

Kwa msichana mwenye afya hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka. Mama na amshonee kitambaa laini cha pamba ndani ya sidiria, upande ulio mdogo, wala wenziwe hawatatambua. Ikiwa tofauti ni kubwa mno, madaktari huweza kupasua na kusawazisha, lakini kwa kawaida hungoja hata ukuaji uishe, yapata miaka 18. Mwalimu naye awakataze kwa ukali wale wanaomcheka, kisha amwite faraghani na kumweleza haya yote kwa utulivu.